Nyumba Iliyojengwa Mahali pa Moto

Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wanafunzi hutuuliza sisi walimu: Je, kanisa huwa mahali patakatifu kwa sababu gani? Matofali yake yalichomwa katika tanuu moja na matofali ya nyumba ya mwalimu, na mchanga wake ulichotwa ufuo ule ule. Mbona basi mtu huvua kofia mlangoni mwa nyumba moja, na mlangoni mwa nyingine hupita tu?

Wazee wetu hawakungoja kufundishwa kwamba pako mahali pa heshima. Walijua makaburi ya babu zao. Hapo hawakukata miti ovyo, wala hawakupiga kelele. Kanisa lilipofika pwani yetu ya Ngumbo na vijiji jirani, lilikuta watu wenye adabu hiyo tayari.

Kwa miaka mingi Waanglikana wa pwani hii walilitazama kanisa la Mtakatifu Petro, kisiwani Likoma, kuwa kanisa lao kuu. Mwaka 1885 misheni ya UMCA ilifanya kisiwa hicho kuwa makao yake. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mwaka 1903, na mwaka 1911 likawekwa wakfu. Urefu wake wakaribia mita 100. Lakini si ukubwa wake tunaotaka mwufikiri, bali kiwanja chake. Mahali pale paliitwa Chipyela, maana yake mahali pa kuchomea, kwa kuwa ndipo walipochomwa moto watu waliotuhumiwa uchawi. Chauncy Maples, aliyepachagua, hakuliona kanisa lenyewe. Alizama ziwani mwaka 1895, mara tu baada ya kufanywa askofu.

Jambo kama hilo lilitendeka Unguja. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la kanisa likawekwa Mkunazini, mahali pa soko hilo, na Askofu Steere akausimamia ujenzi. Yasemwa kwamba altare yasimama pale uliposimama mti wa kuwapigia watumwa mijeledi.

Tazameni basi. Kama wajenzi wangetaka uwanja safi tu, visiwa vyote viwili vilikuwa na nafasi nyingine. Wao walichagua palipomwagika machozi, kana kwamba wanasema mbele ya Mungu na watu: Hapa jambo hili halitatendwa tena. Ndiyo maana ya kuweka wakfu. Na neno hili wakfu, ambalo Waislamu nao hulitumia kwa mali ya misikiti, maana yake ni kitu kilichotolewa kwa Mungu, nacho hakirudishwi.

Wala tusidhani kwamba ahadi hiyo yahitaji mawe mengi. Arkidiakoni William Percival Johnson alianza kazi yake ziwani kabla Likoma haijawa makao, akaendelea hata alipokuwa karibu kipofu. Alifariki mwaka 1928, akazikwa Liuli, katika pwani yetu hii. Katika siku zake makanisa mengi ya vijijini yalikuwa ya miti, udongo na nyasi, nayo mvua ikiyabomoa, watu waliyajenga tena. Sala iliyosaliwa humo haikuwa ndogo kuliko ile ya Likoma.

Tena kuta peke yake hazijilindi. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, misheni ya Wabenediktini ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilichomwa moto. Hapana shaka wengi waliokuwa vitani hawakuona pale nyumba ya Mungu, bali nyumba ya wageni waliokuja pamoja na serikali ya Wadachi. Hili latufundisha kwamba utakatifu wa nyumba hausomwi ukutani. Watu huusoma katika matendo ya wale waingiao na kutoka humo.

Hapo ndipo neno letu la leo linapotugusa. Moto wa Chipyela ulizimwa zamani, lakini katika nchi yetu ya Tanzania, hata katika miaka hii tuliyo nayo, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, nayo mara nyingi huwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi jikoni. Mtu aweza kuvua kofia mlangoni mwa kanisa, akapiga magoti, akaimba vizuri. Kisha njiani akamnyoshea kidole bibi kizee wa jirani. Mtu huyo amelibomoa kanisa la Likoma pasipo kugusa tofali lake hata moja, na amewasha tena moto uleule ambao altare iliwekwa juu ya majivu yake.

Basi tukiulizwa na watoto wetu, tuwajibu hivi: Kanisa ni patakatifu kwa kuwa hapo ilitolewa ahadi mbele ya Mungu, na walinzi wa ahadi hiyo ni sisi. Jumapili ijayo mtakapotoka kanisani, mpitieni yule bibi akaaye peke yake, mkamchotee maji.