Lugha Ngeni, Ibada Ileile

Somo: Waefeso 4:1-6



Mkristo akisafiri ng'ambo, huenda Jumapili ikamkuta katika kanisa ambalo haelewi hata neno moja linalosemwa. Lakini kasisi ashikapo mkate na kushukuru, mgeni hujua mara moja ibada imefika wapi. Leo nataka kuwasimulia habari za mzee mmoja aliyelipitia jambo hilo zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Jina lake ni Rabban Sauma. Alikuwa mtawa, mzaliwa wa mji tunaouita leo Beijing. Naam, huko China! Injili ilifika nchi hiyo mara ya kwanza mwaka 635, ikiletwa na Wakristo kutoka Uajemi. Hao waliabudu kwa Kisiria, lugha iliyo jamaa ya ile aliyoisema Bwana Yesu. Kanisa lao, Kanisa la Mashariki, lilikuwa limetengwa tangu ugomvi wa Efeso mwaka 431, na watu wa Magharibi waliliita la wazushi.

Sauma na mwanafunzi wake Markos walifunga safari kwenda Yerusalemu, lakini njia ilikuwa na hatari, wasifike. Mwaka 1281 Markos akafanywa mkuu wa Kanisa lao lote. Kisha mwaka 1287 Arghun, Mmongolia aliyetawala Uajemi, akamtuma Sauma Ulaya kutafuta wafalme wa kuungana naye kupigana na watawala wa Misri.

Alipofika Rumi, Papa alikuwa amefariki. (Mtu asishtuke nikimtaja Papa, Martin Luther alizaliwa karibu miaka 200 baadaye.) Makardinali wakaanza kumhoji. Ni mtume gani aliyewaletea Injili? Mnaamini nini? Akawataja Mtume Tomaso, na Addai na Mari, akaikiri imani yake. Waliposhika kumbishia habari za Roho Mtakatifu, mzee akawaambia kwamba hakutoka nchi za mbali ili aje kushindana nao. Nampenda sana kwa jibu hilo. Angaliweza kuondoka Rumi na jina la mzushi, na ujumbe wake ukafia hapo.

Akaenda Paris, na kisha Gascony kwa Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Edward hakumhoji. Alimwomba aongoze Ushirika Mtakatifu, naye mfalme mwenyewe akapokea. Hebu fikirini, wenzangu Waanglikana: mfalme wa Kiingereza akishiriki Meza ya Bwana iliyoongozwa na mtu wa Beijing!

Mwaka 1288 Papa mpya, Nicholas wa Nne, alichaguliwa, na Sauma akarudi Rumi. Akaomba ruhusa ya kuongoza ibada kwa desturi ya kwao, akakubaliwa. Watu wengi wakaja kumtazama mjumbe wa Wamongolia jinsi atakavyofanya. Walipokwisha kuona wakafurahi, wakasema kwamba lugha ni nyingine lakini utaratibu ni mmoja. Kusema kweli haukuwa mmoja kabisa: watu wa Sauma hutumia mkate uliotiwa chachu, na Warumi usiotiwa. Lakini mkate ulishukuriwa, ukamegwa, ukagawiwa, nao wakaitambua karamu ya Bwana wao. Siku ya Jumapili ya Mitende Papa alimpa Sauma Ushirika kwa mkono wake, na mzee yule akalia machozi.

Mapatano ya vita aliyotumwa kuyatafuta hayakutimia. Mwaka 1291 Akka, ngome kuu ya mwisho ya Wakristo wa Magharibi katika nchi ya Palestina, ilianguka, na Sauma akafariki Baghdad mwaka 1294. Kitabu chake cha safari, alichokiandika kwa Kiajemi, kimepotea. Kimebaki kifupisho cha Kisiria tu, ambacho mwandishi wake alipunguza mambo mengi. Lakini Juma Takatifu la Rumi hakulipunguza hivyo. Amelieleza siku kwa siku, tangu matawi ya mitende hata asubuhi ya Pasaka.