Methali za Wales na Safu ya Maana ya Kiingereza

Mwalimu mwenzangu, tuanze na zoezi dogo. Methali moja ya Kiwelshi husema "I'r pant y rhed y dŵr", yaani maji hukimbilia bondeni. Mwombe mwanafunzi wa kidato cha tatu akutafutie methali ya Kiswahili inayolingana nayo. Bila shaka atakuandikia "Maji hufuata mkondo", na pengine utampa alama zote. Hata hivyo, Mwelshi haitumii methali yake kwa maana hiyo. Huitamka anapomwona tajiri akizidi kutajirika ilhali maskini anabaki alivyokuwa. Bonde linalosemwa hapo ni la yule aliye na maji tayari. Maneno yamefanana, maji ni yaleyale, lakini methali ni mbili tofauti kabisa.

Makala haya yananuia kufuatilia jinsi methali za Wales zilivyokusanywa na hatimaye zikawekewa maana za Kiingereza. Huenda ukauliza Wales inatuhusu nini sisi. Inatuhusu kwa kuwa tumelelewa na vitabu vya aina hiyohiyo: methali upande wa kushoto, maana upande wa kulia, na mwanafunzi akikariri pande zote mbili usiku wa kuamkia mtihani.

Wales imo katika kisiwa kimoja na Uingereza, upande wa magharibi, lakini lugha yake ni ya jamii ya Kiselti na haielewani na Kiingereza. Methali zake ziliandikwa mapema. Kitabu Chekundu cha Hergest, muswada ulioandikwa kati ya mwisho wa karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15, kina orodha ya methali pamoja na mashairi, historia na zile hadithi za kale zinazojulikana kama Mabinogi. Zingatia jambo hili, msomaji, kwa maana tutalirudia: methali na hadithi zilikaa ndani ya jalada moja.

Mnamo 1536 Bunge la London lilipitisha sheria ya kuiunganisha Wales na Uingereza, na Kiingereza kikafanywa lugha ya mahakama. Mwelshi aliyejua lugha yake tu hakuweza kushika wadhifa wa serikali. Miaka 11 baadaye, mwaka wa 1547, msomi William Salesbury alichapisha kitabu cha methali za Kiwelshi zilizokuwa zimekusanywa na mshairi Gruffudd Hiraethog. Jina lake, "Oll Synnwyr pen Kembero ygyd", ni sawa na kusema hekima yote ya kichwa cha Mwelshi. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kupigwa chapa katika lugha hiyo. Katika utangulizi wake Salesbury hakutaka kuwafurahisha wageni hata kidogo. Aliwahimiza wenzake waitunze lugha yao na wadai Maandiko Matakatifu katika lugha hiyo. Kwake methali zilikuwa ushahidi kwamba lugha hii imekomaa na inaweza kubeba mambo mazito. Agano Jipya la Kiwelshi, ambalo sehemu kubwa aliitafsiri yeye, lilitoka 1567, na Biblia nzima ya William Morgan ikafuata 1588.

La ajabu ni kwamba mwaka uohuo wa 1547 Salesbury alitoa pia kamusi ya kuwasaidia Wawelshi kujifunza Kiingereza. Mkono mmoja ulilinda lugha, wa pili ukafungua mlango. Tusimlaumu. Mwalimu yeyote wa Kiswahili ambaye watoto wake wanasomea shule ya Kiingereza tangu chekechea anamwelewa vizuri.

Baada ya hapo msomaji wa methali hizi alianza kubadilika. Mnamo 1659 James Howell, mwandishi mzaliwa wa Wales aliyeishi London, aliziingiza methali za Kiwelshi katika mkusanyiko wake wa methali za lugha kadhaa za Ulaya, akazifasiria kwa Kiingereza. Sasa methali haikuwa ikisemwa na Mwelshi kwa Mwelshi. Ilikuwa ikionyeshwa kwa jirani. Katika juzuu za "Myvyrian Archaiology", zilizochapishwa kati ya 1801 na 1807, methali zilirudi kwa wenyewe, ila mmoja wa wahariri, Iolo Morganwg, alikuwa mghushi hodari aliyechanganya hekima ya kale na aliyoitunga mwenyewe. Wataalamu wa karne ya 20 walitoa jasho kutenganisha pumba na mchele.

Kisha ikaja ripoti ya elimu ya 1847. Makamishna watatu waliotumwa kukagua shule za Wales hawakujua Kiwelshi, nao wakakitaja kama kizuizi cha maendeleo na hata cha maadili. Wawelshi wanaikumbuka ripoti hiyo hadi leo kwa jina la Usaliti wa Vitabu vya Buluu. Katika baadhi ya shule za karne hiyo mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivishwa shingoni kipande cha mti, akakipitisha kwa mwenzake atakayekosea, na aliyebaki nacho mwishoni akaadhibiwa. Hakikuwa agizo la serikali. Walimu wenyewe, wengi wao Wawelshi, ndio waliokitumia. Je, unasikia mwangwi wowote? Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha insha cha 1986 jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyofanyiwa vivyo hivyo kwa kosa la kusema Kikikuyu.

Katika hali hiyo ndipo kilipotoka London, mwaka wa 1889, kitabu cha methali za Kiwelshi pamoja na tafsiri za Kiingereza. Kilikuwa kazi ya Henry Halford Vaughan, aliyewahi kuwa profesa wa historia wa Oxford, na alikuwa ameshafariki. Miaka miwili tu baadaye, 1891, mmishonari W. E. Taylor wa Mombasa alichapisha huko huko London mkusanyiko wa methali za Waswahili zenye maelezo ya Kiingereza. Vitabu hivi viwili ni kama ndugu. Kazi zao tunazithamini, kwani zilihifadhi mengi. Lakini tuitazame ile safu ya kulia.

Mwelshi husema "Deuparth gwaith yw ei ddechrau", yaani kuianza kazi ni sehemu mbili kati ya tatu za kazi yenyewe. Kwa kawaida hufasiriwa kwa msemo wa Kiingereza kwamba kazi iliyoanzwa vyema imekwisha nusu. Kwanza theluthi mbili zimepunguzwa zikawa nusu. Pili, na hili ndilo zito, Kiingereza kimeongeza sharti la kuanza vyema. Mwelshi hakuweka sharti. Anamtia moyo hata mwenye kuanza kwa kuyumbayumba. Vilevile "Nid aur yw popeth melyn" inakana kwamba kila kilicho cha manjano ni dhahabu. Tafsiri huweka kung'aa mahali pa rangi, jinsi sisi tusemavyo "Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu".

Mfano unaonivutia zaidi ni wa kunguru: "Gwyn y gwêl y frân ei chyw". Kunguru humwona kinda wake kuwa mweupe. Neno "gwyn" ni jeupe, lakini pia hubeba maana ya heri na baraka. Ndilo linaloanza zile heri za Mlimani katika Biblia ya Kiwelshi. Mama kunguru haoni rangi tu, anaona baraka. Safu ya kulia huandika weupe, basi. Kwa maoni yangu Kiswahili kingemkaribia zaidi kwa "Ukipenda, chongo huita kengeza".

Wala si kila kitu kilipotea. "Dyfal donc a dyr y garreg", kugonga kwa bidii huvunja jiwe, ni jamaa wa karibu wa "Bandu bandu huisha gogo", na zote mbili zinagonga masikioni: kule sauti ya d, huku takriri ya neno zima. Mlio huo ni sehemu ya maana. Jaribu kuieleza "Haraka haraka haina baraka" kwa Kiingereza uone kitakachobaki.

Tumalizie na ile ya Kitabu Chekundu. "A fo ben, bid bont": atakaye kuwa kichwa, na awe daraja. Mwanafunzi asiyepewa chochote zaidi atasema kiongozi anapaswa kuwaunganisha watu. Katika Mabinogi, mfalme Bendigeidfran, jitu lisiloenea ndani ya nyumba yoyote, anavuka kwenda Ireland kumwokoa dada yake Branwen. Jeshi linafika kwenye mto usio na daraja, nao wakuu wanamwuliza shauri lake. Anatamka maneno hayo, analala chini kutoka ukingo hadi ukingo, mbao zinatandazwa juu yake, na askari wake wanapita mgongoni mwake.