Nani Afunzwe Adabu?

Mwaka 1979 Bunge la Kenya liliangusha mswada wa ndoa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa 1976. Mswada wenyewe ulibeba mambo mengi: usajili wa ndoa, ndoa za wake wengi, talaka, mali. Lakini kuna kitu kilichowakera baadhi ya wabunge kuliko vingine, na walikisema waziwazi mle Bungeni: kwamba mume angenyimwa haki ya kumrudi mkewe. Kumchapa mke, walidai, ni njia ya Kiafrika ya kumfunza adabu.

Nimelifikiria sana hilo neno, kufunza. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mwanamume akimpiga mwanamke mara nyingi hatusemi amemjeruhi. Tunasema amemtia adabu, amemrudi, amemnyoosha. Ni maneno ya darasani. Yanamgeuza anayepiga kuwa mwalimu, na anayepigwa kuwa mwanafunzi. Na kama kuna mwanafunzi anayeadhibiwa, basi lazima kuna kosa alilofanya. Ndiyo maana jirani akisikia kelele upande wa pili wa ukuta, swali lake la kwanza ni, "Kwani amefanya nini?" Anayeulizwa hapo ni yule anayepigwa.

Ukiisoma historia ya sheria za ukatili wa nyumbani kwa jicho hilo, utaona ni ubishi mmoja mrefu sana: kati ya hawa wawili, nani anahitaji kufunzwa?

Kwanza tuondoe hili la Uafrika. William Blackstone, mwanasheria Mwingereza, alianza kuchapisha vitabu vyake vya sheria mwaka 1765. Humo anaeleza kwamba sheria ya zamani ya kwao ilimruhusu mume kumrudi mkewe kwa kiasi, jinsi anavyomrudi mtoto au mwanagenzi wake, ingawa anaongeza kwamba ruhusa hiyo ilikuwa imeanza kutiliwa shaka. Huko Marekani, ilikuwa 1871 ndipo mahakama kuu ya jimbo la Alabama, katika kesi ya Fulgham, ilisema mume hana tena haki hiyo. Kwa hivyo yule mbunge wa 1979 aliyedhani anaitetea mila ya babu yake, Mwingereza wa karne ya 18 angemwelewa vizuri tu.

Halafu kuna kejeli nyingine iliyo karibu zaidi nasi. Mswada uliokataliwa haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1967 Mzee Jomo Kenyatta aliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka, ikiongozwa na Jaji Spry. Ripoti ilitoka mwaka uliofuata. Majirani zetu Tanzania waliisoma, wakachota mengi kutoka humo, na 1971 wakapitisha Sheria yao ya Ndoa. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Yaani sisi tulipika, wenzetu wakala. Kenya ilikuja kupata Sheria ya Ndoa inayounganisha ndoa za aina zote mwaka 2014, miaka 47 baada ya tume kuundwa.

Je, katikati hapo kumpiga mke kulikuwa halali Kenya? Hapana. Kanuni ya Adhabu ilikuwepo, na kifungu cha 251 kinampa kifungo cha hadi miaka mitano mtu anayemshambulia mwenzake na kumuumiza mwili. Shida ni kwamba sheria hiyo iliutazama ugomvi wa nyumbani kama inavyoutazama ugomvi wa baa. Tukio moja, usiku mmoja, jeraha moja. Unaenda kituoni, unaandikisha, unapewa fomu ya P3, daktari anajaza jeraha ni la kiwango gani. Aliyevunjwa mkono ana kitu cha kuonyesha. Aliyefungiwa ndani siku tatu hana. Aliyenyang'anywa mshahara kila mwisho wa mwezi hana. Na hata huyo wa mkono uliovunjika angeweza kuambiwa na afisa wa zamu, "Haya ni mambo ya nyumbani, rudini mkazungumze."

Walioisukuma nchi kutoka hapo ni wanawake wenyewe na mashirika yao. FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, kilianzishwa 1985. COVAW ilifuata 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mswada wa ukatili wa nyumbani uliletwa Bungeni ukakwama. Mwaka 2006 tukapata Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyoletwa na mbunge wakati huo Njoki Ndung'u. Ilikuwa hatua kubwa, lakini kifungu cha 43 kikaacha mlango wazi: maelezo yake ya kitendo kisicho na ridhaa hayawahusu watu waliooana kisheria. Mwanafunzi ni yule yule, na darasa ni chumba cha kulala.

Ili kuelewa kilichobadilika baadaye, inabidi tutoke Kenya kidogo, twende Duluth, mji wa bandari katika jimbo la Minnesota, Marekani. Mwaka 1980 wanaharakati wa huko, mmoja wao akiwa Ellen Pence, walianzisha mpango wa kuwakutanisha polisi, mahakama na makazi ya wanawake wanaopigwa, ili wote wafanye kazi kwa utaratibu mmoja. Polisi wakaagizwa wamkamate anayepiga badala ya kumtembeza nje apunge upepo. Lakini kazi yao iliyosafiri mbali zaidi ni mchoro tu. Walikaa na wanawake waliopigwa, wakawauliza, na kusikiliza. Wanawake hawakuzungumzia ngumi pekee. Walizungumzia yanayotokea katikati ya ngumi moja na nyingine.

Kutokana na maelezo hayo, mwaka 1984 likachorwa gurudumu. Ukingo wake ni kipigo na unyanyasaji wa kingono. Ndani kuna vipande vinane: vitisho na shinikizo, kutia hofu, kuumiza hisia, kumtenga na watu wake, kupuuza kosa na kumlaumu yeye, kutumia watoto, kutumia cheo cha uanaume, na kubana pesa. Katikati ya gurudumu kuna maneno mawili, mamlaka na udhibiti. Kwa mara ya kwanza kipigo kilionekana kama tairi tu. Kilichoisukuma gari kilikuwa ndani.

Na hapo Duluth wakafanya jambo lingine: wakamgeuza mwalimu kuwa mwanafunzi. Mwanamume aliyepatikana na hatia alipelekwa darasani, kukaa na wenzake kwa miezi kadhaa na kuulizwa maswali. Siku ile ulitaka nini kutoka kwake? Ulimwambia nini kabla ya kumpiga? Mbona bosi akikukasirisha humpigi? Mtindo huo ulienea. California hadi leo inamtaka mtu wa aina hiyo, akiachiliwa kwa muda wa uangalizi, ahudhurie mpango wa wiki zisizopungua 52.

Je, madarasa hayo yanafanya kazi? Nitakuwa mwongo nikisema ndiyo tu. Kuna uchunguzi uliofanywa Marekani uliokuta tofauti ndogo sana kati ya waliopita darasani na wasiopita. Pence mwenyewe, mwaka 1999, aliandika kwa ujasiri kwamba yeye na wenzake walikuwa wameng'ang'ania wazo la mamlaka kiasi cha kutowasikia baadhi ya wanaume waliokuwa mbele yao, kwa kuwa maelezo yao hayakuingia kwenye mchoro. Naliona hilo kama sehemu ya thamani ya kazi ile. Angalau kulikuwa na darasa la kulikosoa.

Sasa turudi nyumbani. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inasema kila mtu ana haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe unatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Hilo la mtu binafsi ndilo lililoingiza Katiba sebuleni. Mei 2015 ikatiwa saini Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, na ukiisoma utaona kivuli cha lile gurudumu. Haianzi na jeraha. Inataja matusi na kejeli za kurudiarudia, kubana pesa, kuharibu mali, kufuatafuata mtu, kutisha, kurithiwa kwa lazima, kuingiliwa na wakwe, hata ukatili wa kingono ndani ya ndoa, ule uliorukwa 2006. Haitaji mke wala mume. Inamlinda mtu, hata mwanamume anayepigwa na kuona aibu kusema. Na haiwahusu waliooana tu. Wachumba wamo, walioachana wamo, wanaoishi pamoja bila mahari wamo, wapenzi wa karibu wamo.

Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi, hata kumwondoa mkosaji katika nyumba iliyo yake. Akiivunja, ni faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili. Na polisi wana wajibu wa kukueleza haki zako badala ya kukurudisha ukazungumze.

Kwa sisi ambao wengi wetu hatujaoa wala kuolewa, nafikiri orodha ile ni muhimu kuliko adhabu zake. Ni njia ya kumtambua mtu mapema. Anataka nywila ya simu yako na kuiita uaminifu. Anashika PIN yako ya M-Pesa "ili tupange maisha". Kila rafiki yako ana kasoro, dada yako naye ni mchochezi, mpaka siku moja unagundua hujaongea na mtu mwezi mzima. Akivunja simu, ni wewe uliyemkasirisha. Kimoja kati ya hivi kinaweza kuwa wivu wa kijinga tu. Vikipangana, ni gurudumu.

Na kuna ishara moja ambayo fomu ya jeraha inaweza kuikosa kabisa: kukabwa koo. Mara nyingi haliachi alama. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mpenzi wake yuko katika hatari kubwa zaidi, mara kadhaa, ya kuja kuuawa naye. Hatari nyingine ni wakati wa kuondoka. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa akiishi Trans Nzoia, alimwagiwa petroli na kuchomwa na mwanamume ambaye walikuwa wameshaachana. Alifariki tarehe 5 Septemba 2024, chini ya mwezi mmoja baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Kwa hivyo tusiwaambie watu "si umwache tu" kana kwamba ni kushuka matatu. Kuondoka kunahitaji mpango, na watu wanaojua.

Mwezi Januari mwaka huo huo maelfu walikuwa wameandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Nikiangalia umbali kati ya maandamano hayo na lile Bunge la 1979, naona tumesafiri. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulikuta asilimia 42 ya wanawake na asilimia 36 ya wanaume wakikubali kwamba kuna angalau sababu moja ya mume kumpiga mkewe. Wanawake kuliko wanaume! Somo la wale wabunge lilieleweka vizuri, na waliofunzwa walilishika.

Pwani, mwari hupewa somo wa kumfunza maisha ya ndoa. Bwana harusi je, anafunzwa nini, na nani? Faini haifundishi kitu. Jela inamtoa mtu nyumbani miezi 12 kisha inamrudisha. Swali la Duluth, la tumfanyeje huyu anayepiga ili asimpige anayefuata, bado ni kiporo mezani petu, na sioni haja ya kusubiri tume nyingine.

Nambari ya 1195 ni ya bure, inapokea simu za ukatili wa nyumbani mchana na usiku. Ihifadhi, hata kama si kwa ajili yako. Na rafiki akija na stori yake, badala ya kumuuliza alifanya nini, muulize anafanyiwa nini, na imeanza lini.