Kutoka Malungu Hadi Asilimia Kumi: Mfanyabiashara Mdogo wa Kwetu na Serikali Yake

Ndugu wana-Kaengesa, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Tumezoea kuchangia vitu vinavyoonekana: darasa, kisima, zahanati. Mwaka huu tunawaomba mchangie kitu kisichopakwa rangi wala kuezekwa bati. Tunataka vikundi vya wajasiriamali wa kwetu visajiliwe, vifungue akaunti na viifikie mikopo ambayo sheria imevitengea. Ili tuone kwa nini jambo hili lina uzito, tutazame tulikotoka.

Biashara Ufipa haikuanza jana. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, ambayo moto wake uliwaka kwa hewa iliyojivuta yenyewe bila mivukuto. Wahunzi walifua majembe, wafumaji walifuma vitambaa vya pamba, na bidhaa hizo zilibadilishwa na kuuzwa kwa majirani. Kisha majembe na nguo za viwanda vya ng'ambo zikaja kwa bei ndogo, na kodi ya mkoloni ikadai fedha taslimu. Ufundi ukafifia, na vijana wengi wa Ufipa wakaenda kutafuta fedha hiyo katika mashamba ya mkonge.

Waliobaki wakajaribu biashara ya duka, wakakutana na ukuta. Utawala wa Mwingereza ulikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa kwamba sheria hiyo inamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kumwamini mwenye duka dogo. Mwafrika alinunua kwa alichonacho mfukoni, na duka lake likabaki dogo.

Uhuru ulileta nia njema, lakini mikono miwili ya serikali haikufanya kazi moja. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambalo linaendelea hadi leo. Miaka mitatu baadaye, 1976, ikaja Operesheni Maduka, na maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1983 ulikuwa wa vita dhidi ya wahujumu uchumi na wa sheria ya Nguvukazi, iliyomtaka kila mtu awe na kazi inayotambulika. Mchuuzi alilazimika kuonyesha leseni ili asihesabiwe kuwa mzururaji.

Kwetu sisi watu wa mahindi, jambo kubwa lilikuwa biashara ya nafaka. Mnunuzi halali alikuwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na mtu binafsi hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kiasi kidogo. Mwaka 1984 kikomo kilipandishwa hadi kilo 500. Hesabuni wenyewe: hayo ni magunia matano. Mwenye matano alikuwa mfanyabiashara, na mwenye sita alikuwa mkosaji. Mwaka 1987 kikomo kikaondolewa. Hakuna aliyepewa hata senti moja siku hiyo, lakini mlango wa biashara ulifunguka kuliko ambavyo mikopo mingi imewahi kuufungua. Tunajifunza kwamba kuisemea sera ni msaada kama ulivyo mtaji.

Tangu hapo serikali imekuja na mipango mingi. Mwaka 1994 ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Wajasiriamali, unaosimamiwa na SIDO. Mwaka 2003 ikatoka Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo, na mwaka uliofuata Sheria ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Mwaka 2006 yakaja yale tuliyoyaita mabilioni ya Kikwete, shilingi bilioni moja kwa kila mkoa. Fedha hizo zilipitia benki, na aliyekuwa na chama cha kuweka na kukopa au hesabu zilizoandikwa alikuwa na pa kuanzia. Mama anayeuza ulezi na maharage gulioni hakukosa bidii. Alikosa karatasi.

Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyowekwa lami kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008, ilitusogeza karibu na soko. Desemba 2018 vikatoka vitambulisho vya wajasiriamali, shilingi 20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka.

Mwaka huohuo wa 2018 jambo kubwa zaidi lilifanyika bila kelele. Kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya vikundi, jambo ambalo kwa miaka mingi lilitegemea utashi, kukawa sharti la sheria: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mwafrika aliyezuiwa kukopeshwa na sheria ya mkoloni sasa ana sheria inayoagiza akopeshwe.

Lakini sheria haipandi bodaboda kuja kutugongea mlango. Kikundi kinahitaji katiba, muhtasari wa kikao, cheti cha usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi. Wengi wetu hukwama hapo. Na sisi wa chama tukiri kosa letu: tumekuwa hodari wa kulalamika kwamba fedha hazifiki, bila kwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kuuliza zimetengwa ngapi na zimekwenda wapi.

Lipo pia la kutuonya. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo nchi nzima, kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Ilirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika muda huo kikundi kilicholipa kwa uaminifu kilisubiri sawa na kile kilichokimbia. Fedha anayorejesha jirani yako ndiyo mtaji wa kikundi kinachofuata.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu itafanya mambo matatu. Italipia gharama za usajili na nauli za vikundi vya kata yetu, italipia mafunzo ya kuandika mahesabu na maandiko ya miradi, na itawezesha wajumbe wetu kumfuatilia Afisa Maendeleo ya Jamii na diwani hadi majibu yapatikane. Kila shilingi itasomwa katika mkutano mkuu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wazee wetu waliinama mbele ya malungu, wakapata jembe. Sisi tuiname juu ya daftari. Karibuni tuchangie.