Ngitili ya Fedha: Uchumi wa Tabia na Mgao wa Dhahabu Geita na Shinyanga

Kuna hukumu inayotolewa kwa wepesi mno juu ya wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama: pesa wanaipata, ila akili ya kuitunza hawana. Dawa inayofuata hukumu hiyo ni semina ya elimu ya fedha, yenye daftari la mapato na matumizi. Makala haya yanadai kwamba ugonjwa umepimwa vibaya. Kinachomponza mchimbaji ni saa anayotakiwa kuamua, na Usukuma, ambako machimbo mengi ya ukanda huu yamo, ulikwisha kubuni njia ya kuihamisha saa hiyo kabla uchumi wa tabia, tawi linalochunguza jinsi watu wanavyofanya maamuzi, haujapata jina.

Njia hiyo ni ngitili. Mvua zinapoanza, nyasi zikiwa tele na hakuna anayezihitaji sana, familia au kijiji hufunga eneo la malisho. Hufunguliwa kiangazi, nyasi za kwingine zikiisha. Jambo la kutazama hapa ni wakati wa kufunga. Mfugaji haamui kuhusu nyasi za akiba ng'ombe wakiwa wamekonda mbele yake. Aliamua wakiwa wameshiba, na uamuzi ule ukawekewa walinzi. Anayeingiza mifugo hujibu mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji, na hulipa faini. Sera ya vijiji vya ujamaa ilipohamisha watu miaka ya 1970, mpango huo ulivurugika vibaya. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulipata mafanikio makubwa ulipoacha kuwafundisha watu kilichokuwa chao na kuwarudishia mamlaka ya kufunga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000.

Mwaka 1997 mwanauchumi David Laibson alieleza kwa hesabu jambo la namna hiyohiyo: mtu anayejua kwamba kesho atashindwa kujizuia hunufaika na mali isiyouzika haraka, kwa kuwa mali hiyo humlinda dhidi ya nafsi yake. Ng'ombe ni mali ya aina hiyo. Fedha taslimu mfukoni sivyo.

Sasa tuingie kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji. Mwenye duara huwalisha wachimbaji kwa wiki, pengine miezi, akinunua matimba (magogo ya kuegemeza shimo), mafuta ya pampu na unga. Dhahabu ikipatikana, viroba vya mawe hugawanywa au huuzwa pamoja. Mgao hutofautiana, lakini mara nyingi mwenye leseni huchukua 30%, mwenye duara 40%, na wachimbaji wote kwa pamoja 30%. Baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, fedha ya msimu mzima inaangukia siku moja. Siku hiyo mama ntilie anadai, mwenye chumba anadai, nyumbani wamepiga simu, na wauza bidhaa wa kila namna wamekwisha kusikia kwamba duara fulani limetema, yaani limetoa dhahabu. Kumwambia mtu apange bajeti saa ile ni kama kumwambia mfugaji afunge ngitili mwezi wa Septemba.

Njia za akiba zilizopo hazimfai sana mchimbaji. Upatu na VICOBA vinataka mchango wa kila wiki au kila mwezi. Kipato chake hakina mwezi. Katika pengo hilo ndimo ilimoingia mikopo ya kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa, ambayo, tukubali, humfuata mteja mpaka mlangoni kwa bidii ambayo benki zetu hazina.

Ushahidi wa jirani kwamba saa ya kuamua ina uzito upo. Busia, magharibi ya Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwafuata wakulima mara tu baada ya mavuno, wakawauzia mbolea ya msimu ujao na kuwapelekea nyumbani bila nauli. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, punguzo hilo dogo lililotolewa kwa wakati wake liliongeza matumizi ya mbolea karibu sawa na kupunguza bei kwa nusu wakati wa kupanda. Elimu haikuongezwa, ila swali liliulizwa fedha ikiwa bado ipo.

Kwa ukanda wa dhahabu, swali hilo linaweza kuulizwa hata kabla fedha haijapatikana. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, baada ya serikali kuwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya 18% na kodi ya zuio ya 5%. Muuzaji anakatwa mrabaha wa 6%, ada ya ukaguzi ya 1% na ushuru wa halmashauri, kabla hajashika hata noti moja. Makato hayo hayamtaki mchimbaji awe na moyo wa chuma. Serikali imekwisha kujijengea ngitili yake pale dirishani, mchimbaji hajajengewa. Pendekezo langu ni kwamba makubaliano ya mgao yanapofanywa, kabla jiwe la kwanza halijatoka, kila mchimbaji aulizwe ni sehemu gani ya fungu lake iende moja kwa moja kwenye akaunti au simu anayoitaja, na sokoni litekelezwe alilosema. Asiyetaka aseme sitaki, na iishie hapo.

Pingamizi zito ni dharura. Pascaline Dupas na Robinson, katika utafiti wao wa Kenya uliotoka mwaka 2013, walitoa masanduku ya akiba ya afya. Sanduku ambalo mtu alibaki na ufunguo wake lilisaidia sana. Lile lisilofunguka mpaka lengo litimie halikuongeza ununuzi wa bidhaa za kinga ya afya, kwa kuwa fedha iliyofungiwa kabisa haimfai mtu ambaye mtoto wake anaugua leo. Ngitili haina kasoro hiyo: hufungwa kwa ajili ya kiangazi, na kiangazi kikifika hufunguliwa. Kwa hiyo akiba ya duara iwe na masharti ya kufunguliwa yaliyokubaliwa mapema na kikundi chenyewe, ugonjwa na msiba vikiwa vya kwanza.

Pingamizi la pili linahusu mipaka ya nadharia yenyewe, na hapa naona wanauchumi wa tabia hujisifu kupita kiasi. Chukua zebaki, inayotumika kunasia dhahabu. Ni rahisi kusema mchimbaji anaichoma hadharani kwa sababu faida ni ya leo na madhara ni ya miaka ijayo. Lakini ritoti ya chuma, ambayo hunasa mvuke wake, huificha pia dhahabu ndani, na washirika wasioaminiana wanataka kuiona ikichomwa mbele ya macho yao wote. Hiyo si hitilafu ya akili. Ni busara ya mtu aliyewahi kupunjwa, na haiondolewi kwa kubadili jinsi machaguo yanavyopangwa mbele ya mtu, wala kwa Tanzania kuridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Vilevile, hakuna mbinu ya akiba itakayofanya 30% inayogawanywa na watu kumi iwe fungu nono.

Pendekezo hili linapimika. Maduara yanayouza soko moja yagawanywe kwa kura, mengine yaulizwe swali la akiba wakati wa makubaliano, mengine yaachwe kama yalivyo. Baada ya mwaka zisihesabiwe akiba peke yake, bali pia madeni. Ikionekana kwamba waliofunga fedha wamekopa kausha damu zaidi kuliko wenzao, hoja ya makala haya imeanguka, na tutakuwa tumewaongezea wachimbaji mzigo kwa jina la kuwasaidia.