Koshu, mvinyo mweupe usioogopa shombo

Katika eneo la Katsunuma, mkoani Yamanashi, magharibi mwa Tokyo, wakulima wa zabibu wana mazoea ya kunywa mvinyo mweupe kwa vikombe vya chai, wakiumimina kutoka kwenye chupa la lita 1.8, lile lile linalotiwa sake. Mwonjaji wa Paris angekunja uso. Lakini Koshu, mvinyo uliopewa jina la zabibu yake, ulikuwa wa mlo wa kijijini kabla haujawa wa kunuswa kwenye bilauri.

Zabibu yenyewe ina ngozi nene ya rangi ya waridi iliyofifia. Watawa wa hekalu la Daizenji husimulia kwamba mwaka 718 mtawa Gyoki aliota ndoto akamwona Buddha wa tiba ameshika kishada mkononi. Wengine wanasema ni mkulima Amemiya Kageyu aliyeuokota mzabibu huo porini mwaka 1186. Vinasaba vinatoa habari nyingine: sehemu kubwa ya Koshu ni ukoo ule ule wa mizabibu ya mvinyo ya Ulaya, uliochanganyika na mizabibu mwitu ya China. Yaelekea basi ilisafiri kutoka magharibi ya Asia, ikapitia China, ikafika Japani.

Kwa karne nyingi ililiwa tu kama tunda. Mwaka 1877 kampuni ya mvinyo ilianzishwa Yamanashi, ikawatuma vijana wawili, Takano Masanari na Tsuchiya Ryuken, kwenda Ufaransa kujifunza kazi. Walirudi mwaka 1879 na ujuzi walioupata katika mji wa Troyes vichwani. Kampuni haikudumu hata miaka kumi. Wajapani wa wakati ule hawakuzoea kinywaji kikavu chenye uchachu, na kilichokuja kuwavutia ni Akadama, mvinyo mtamu wa sukari aliouleta sokoni Torii Shinjiro mwaka 1907.

Vita Kuu ya Pili ilileta mteja asiyetarajiwa. Asidi inayoganda ndani ya mvinyo ilitumika kutengeneza fuwele za kunasa sauti chini ya maji, na jeshi la majini lilizihitaji kusaka nyambizi. Serikali ikahimiza mvinyo utengenezwe kwa wingi, na utamu wake haukuwa hoja.

Amani iliporudi, Koshu ilibaki na aibu yake ya zamani: upole. Yamanashi hupata mvua nyingi kuliko mzabibu unavyopenda, ndiyo maana matawi hutandazwa juu ya vichanja virefu na vishada huvikwa kofia za karatasi yenye nta. Zabibu zenyewe hazikusanyi sukari nyingi, na mvinyo wake mkavu ulionekana mwepesi mno, ukafichwa kwa sukari. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Mercian ilianza kuuacha ukae juu ya mashapo ya hamira kwa miezi kadhaa, ili upate mwili bila kutiwa utamu. Kisha ikawafundisha majirani zake mbinu hiyo. Ukarimu wa namna hiyo kati ya washindani ni nadra, na kwa maoni yangu ndio uliouokoa mvinyo huu kuliko tuzo zozote zilizofuata.

Onja Koshu mkavu leo: harufu ya ndimu na pea, rangi inayokaribia maji, na mwishoni ukakasi kidogo unaotoka kwenye ngozi. Ukiunywa peke yake unaweza kuuliza sifa zote hizo ni za nini. Jibu liko kwenye samaki mbichi. Mwaka 2009 watafiti wa Mercian walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa kombe waliokaushwa na mvinyo wa aina nyingi, wakagundua kwamba shombo linalobaki mdomoni husababishwa hasa na madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo. Chuma kikizidi, shombo huzidi. Koshu kwa kawaida huwa na chuma kidogo, kwa hiyo sushi, chaza na kamba wa tempura hupita nao bila ugomvi. Wanywaji wa Katsunuma hawakusubiri maabara iwaambie.

Mwaka 2010 Koshu iliandikishwa katika shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, na tangu Oktoba 2018 sheria ya Japani inataka chupa iitwayo mvinyo wa Japani iwe na zabibu zilizolimwa huko huko tu. Ukibahatika kuipata, soma lebo kwanza, uipoze bila kuigandisha, na usiipeleke kwenye pilau ya nyama wala mchuzi mzito wa nazi, kwani itamezwa. Ipe samaki wa kuchoma aliyetiwa chumvi na ndimu, basi.