Kumtia Mtoto Chuoni

Katika miji ya pwani, tangu Lamu hata Unguja, wazazi Waislamu walishauriana mtoto atiwe chuoni lini na kwa mwalimu gani. Neno chuo hapo kale lilikuwa na maana ya kitabu, tena na ya mahali pafundishwapo Kurani. Mtoto aliyeisoma Kurani yote alisemwa amehitimu, neno ambalo leo hutumika kwa kila amalizaye masomo.

Shule za serikali zilipokuja, wazazi wengi walisita kumtoa mtoto chuoni kabla ya kuhitimu. Hawakuchukia elimu, bali walichelea mtoto asije akajua hesabu asijue dini yake. Shule za watoto wadogo zilipoenea, shaka ile ikarudi. Mombasa, katika miaka ya 1980, jawabu lilipatikana kwa msaada wa Aga Khan Foundation: masomo ya watoto wadogo yaliunganishwa na madrasa, na wanawake wa mtaa wakafunzwa ualimu. Mpango huo ulifika Unguja mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Kwa hiyo kiini cha shaka ya wazazi hakikuwa umri wa mtoto, bali ni nani atakayekabidhiwa.